Diploma ya shule mbadala California

Je, diploma ya shule mbadala ya California ni halali kama ya shule ya kawaida? Ndiyo, ni ya sekondari kamili, sawa na ya shule ya sekondari ya kawaida. Kinachobadilika ni mwendo: shule hizi za umma, maarufu kama continuation, hupokea hasa vijana wa miaka 16 na zaidi waliopungukiwa krediti (alama za masomo zinazohesabiwa ili kuhitimu), na sheria ya jimbo inadai saa 15 tu za masomo kwa wiki. Krediti huingia kidogokidogo kadiri kazi inavyokamilika, kwa hiyo somo la krediti 5 kwa muhula laweza kuisha mapema. Kijana akihudhuria tu bila kumaliza kazi, krediti hazisogei. Angalizo: baadhi ya kozi hazimo kwenye orodha ya A-G, yaani masomo ya sekondari yanayotakiwa ili kujiunga na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, UC na CSU; muulizeni mshauri wa shule kabla ya kumhamisha kijana wenu.