Vapor Trails ya Rush: masikio yanachoka

SWALI: Mhariri, nina CD ya Vapor Trails, albamu ya 2002 ya Rush, bendi ya roki ya Kanada. Nyimbo nazipenda, ila nikifika katikati kichwa kinauma. Wenzangu wengine wanaisifu mno, wengine hawaigusi. Spika zangu ni mbovu?

JIBU: Spika zako hazina kosa, ndugu msomaji. Sauti ilipandishwa kupita kiasi wakati wa kuitengeneza. Fungua wimbo "One Little Victory" kwenye Audacity, programu ya kompyuta inayoonyesha sauti kama mawimbi, uvute karibu zile ngoma za mwanzo: vilele vya mawimbi ni bapa, kama vimekatwa kwa kisu. Kupunguza sauti hakusaidii, maana kilichokatwa hakimo tena kwenye CD.

Dawa ilikuwa kurudi kwenye rekodi za kila ala na kuzichanganya upya. Mwaka 2009 zilirekebishwa nyimbo mbili, "One Little Victory" na "Earthshine". Mwaka 2013 fundi wa sauti David Bottrill akachanganya upya albamu nzima. Tafuta hiyo. Hakuna kinanda humu, gitaa za Alex Lifeson zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na sasa kila tabaka linasikika.

Ukilinganisha, kwanza fanya sauti ya mwimbaji Geddy Lee iwe na ukubwa ule ule kwenye matoleo yote mawili, kwani lenye kelele zaidi hudanganya sikio.

Wanaoshikilia toleo la 2002 nawaelewa. Neil Peart, mpiga ngoma na mtunzi wa maneno ya nyimbo zao, alifiwa na binti yake 1997 na mkewe 1998, na ukali ule wanausikia kama uchungu wake. Lakini wimbo "Ghost Rider" wa toleo la 2013 inaumiza zaidi, kwa sababu maneno yanasikika.