Ubia na shoga yako: andikishianeni kwanza

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kuandikishiana na shoga yako kabla ya kufungua duka la vitenge Kariakoo, wakati mmekua pamoja Temeke. Haja ipo, tena kabla hamjalipia fremu. Kisheria kila mbia anabeba madeni ya biashara: akikopa mzigo kwa jina la duka, utadaiwa hata wewe. Jina la duka lisajilini BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, wote wawili mkitajwa.

Ila ubia mwingi unavunjikia kwenye vihela vidogo. Kila jioni hesabuni mauzo pamoja, daftari moja. Anayechukua nauli aandike palepale, hata iwe shilingi 1,000. Na mkubaliane sasa, mkiwa bado mnapatana, mmoja akitaka kujitoa mzigo uliobaki mtauthamini vipi.