Fizikia ya mwaka wa kwanza uhandisi: kabla ya fomula, chora pipa

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili. Uko mwaka wa kwanza uhandisi wa ujenzi, kidato cha sita ulifaulu PCM (fizikia, kemia na hisabati) vizuri, fomula zote unazo kichwani, lakini pepa ya kwanza ya fizikia umepata 28 kwa 100 na sasa unauliza kama uhame kozi. Umeweka pia swali lililokuangusha. Boksi la kilo 4 liko juu ya meza laini, limefungwa kamba nyepesi inayopita kwenye kapi ukingoni mwa meza, na upande wa pili wa kamba unaning'inia mzigo wa kilo 1. Tafuta mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Wewe ukaandika kwamba kamba inavuta kwa nyutoni 9.8, ukagawa kwa 4, ukapata 2.45. Majibu yaliyobandikwa yanasema 1.96, na hujui 1.96 imetoka wapi.

Usihame. Kosa lako nalifahamu vizuri kwa sababu nililibeba muhula mzima, na linatibika.

Hebu tazama ulichoandika. Kamba ikimvuta mzigo wa kilo 1 kwenda juu kwa nyutoni 9.8, na dunia ikauvuta chini kwa nyutoni 9.8 hizo hizo, mzigo unakwenda wapi? Hauendi popote, kani zimelingana. Lakini wewe mwenyewe umesema unashuka. Kwa hiyo mvutano wa kamba lazima uwe chini ya 9.8. Hili halihitaji fomula yoyote, linahitaji umtazame huyo mzigo peke yake, umsahau boksi kwa dakika moja, na uulize ni vitu gani vinamgusa na vinamvuta wapi. Hukufanya hivyo. Uliona namba mbili na 9.8 ukatafuta mahali pa kuzitia.

Nikueleze nilivyojifunza mimi, maana sikujifunzia darasani.

Nimekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Mawese ya kijijini kwetu yalisafirishwa kwenda Ujiji kwa boti za mbao, kwenye mapipa ya lita 200. Pipa likijaa lina kama kilo 200: lita moja ya mawese haifiki kilo, kwa hiyo mafuta ni kilo 180 na kidogo, na bati la pipa linajazia. Gati hatukuwa nalo, winchi hatukuwa nayo. Boti inasogezwa mpaka maji ya magotini, unawekwa ubao wa mita 4, mwisho wa juu umefungwa kwenye boti, mwisho wa chini umelala kwenye mchanga wenye maji. Ukingo wa boti uko mita 1 juu. Pipa linalazwa, linaviringishwa kupanda.

Siku moja, nikiwa kidato cha pili, vijana wawili walisimama majini huku na huku ya ubao, wakalisukuma pipa kwa nguvu zao zote. Kamba ya kuifunga boti kwenye mti ufukweni ilikuwa bado haijafungwa. Pipa lilipofika katikati, boti ikaanza kuondoka taratibu kuelekea ziwani, ubao ukateleza nayo, pipa likakosa njia likaanguka majini. Hakuna aliyeumia. Pipa lenyewe lilielea, sehemu ndogo tu ya mgongo ikionekana juu ya maji. Mzee aliyekuwa mkuu wa wapakiaji akawauliza wale vijana: "Wanangu, mlikuwa mnalisukuma pipa au mnaisukuma boti?"

Kisha akafanya alivyozoea. Alichukua kamba mbili, akafunga mwisho mmoja wa kila kamba ndani ya boti, akazishusha juu ya ubao, akazipitisha chini ya pipa, akazizungushia nyuma yake na kuirudisha miisho iliyobaki juu kwa vijana wale wale, ambao sasa walikuwa wamepanda botini. Wakavuta. Pipa likapanda likiviringika juu ya kamba zake, na boti haikusogea hata shubiri.

Niliyaona hayo mara nyingi mno kiasi kwamba sikuyatazama tena. Miaka kadhaa baadaye nimekaa kwenye chumba cha mtihani Dar es Salaam, mwaka wa kwanza uhandisi wa mitambo, swali linasema silinda inavutwa kwa kamba kupanda mteremko, nami nahangaika kukumbuka ni fomula ya ukurasa gani. Nilipata 31. Usiku matokeo yalipobandikwa nilikaa kitandani nikachora pipa la nyumbani. Pipa tu. Sikuchora ubao, boti wala vijana. Kisha nikachora mshale kwa kila kitu kinacholigusa au kulivuta: dunia, chini, kilo 200 mara 9.8, yaani nyutoni 1,960. Ubao, ukilisukuma pipa kwa pembe mraba na uso wake. Na kamba. Hapo nikaona kitu ambacho wale vijana walikijua kwa mikono: kamba inalivuta pipa kwa pande mbili, upande unaovutwa na upande uliofungwa botini.

Mteremko unapanda mita 1 kwa kila mita 4, kwa hiyo sehemu ya uzito inayolirudisha pipa chini ya ubao ni robo ya 1,960, yaani nyutoni 490. Ukisukuma kwa mikono ni lazima utoe hizo 490 zote. Ukitumia kamba ya mzee, pande mbili zinagawana, kila upande 245, na wavutaji wanashika upande mmoja tu. Watu wawili, kila mmoja chini kidogo ya nyutoni 123. Ni sawa na kuinua ndoo ya kilo kumi na mbili na nusu.

Nikajiuliza nusu nyingine imekwenda wapi, maana hakuna cha bure. Nikahesabu kamba. Pipa likipanda mita 4, wavutaji wanakusanya kamba mita 8. Nyutoni 245 mara mita 8 ni jouli 1,960. Kusukuma, 490 mara 4, ni jouli 1,960. Kuliinua moja kwa moja mita 1, 1,960 mara 1, ni hiyo hiyo. Nakumbuka nilisimama. Mwaka mzima wa kidato cha sita nimeandika kwamba kazi ni kani mara umbali, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilijua nimeandika nini.

Halafu nikachora mwili mwingine (mwili ni kitu unachoamua kukitazama peke yake), na hapa ndipo swali la mzee lilipojibiwa. Safari hii nikazungushia mstari pipa, ubao na boti kwa pamoja, nikaviita kitu kimoja. Nini kinakigusa kitu hiki kutoka nje, kwa mlalo? Vijana wakiwa wamesimama majini wanasukuma kutoka nje ya mstari. Kani yao ya 490 inalala sambamba na ubao, na sehemu yake ya mlalo ni karibu nyutoni 475, zote zikielekea ziwani. Maji hayazuii sana kitu kinachoanza kusogea polepole, na mchanga wenye maji chini ya ubao unazuia kidogo sana. Kwa hiyo boti ikaondoka. Lakini wakipanda botini na kuvuta, wao nao wameingia ndani ya mstari. Kila kani kati ya mikono, kamba, pipa na ubao ina mwenzake wa kinyume humo humo ndani, hakuna anayesukuma kutoka nje, na boti inatulia. Hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton. Niliikariri kwa miaka bila kujua kwamba kazi yake kubwa ni kukwambia kani zipi usihangaike nazo.

Kwa hiyo kitu ninachotaka ushike kuliko vyote ni hiki: kuchagua mwili. Kabla ya kalamu kuandika alama ya usawa, amua unamzungumzia nani, mzungushie mstari, na uhesabu wanaomgusa tu. Ukiwachanganya wawili utapata 2.45 yako, ambapo ulichukua kani ya mzigo mmoja ukamvika mwenzake.

Turudi kwenye swali lako. Boksi peke yake: kwa mlalo linaguswa na kamba tu, basi mvutano ni 4 mara mchapuko. Mzigo peke yake: 9.8 kutoa mvutano ni 1 mara mchapuko. Mchapuko ni mmoja kwa wote wawili. Jumlisha, 9.8 ni 5 mara mchapuko, unapata 1.96. Mvutano ni 7.84, chini ya 9.8 kama tulivyosema kabla ya kuhesabu.

Umeuliza pia kama tatizo ni Kiingereza. Kwa kiasi fulani ndiyo, lakini si kwa namna unayofikiri. Maswali haya yana lugha yake ya siri hata kwa mzaliwa wa London. "Laini" maana yake usiweke msuguano. "Kamba nyepesi" maana yake mvutano ni ule ule kutoka mwisho hadi mwisho, kapi nalo likiwa jepesi na laini. "Isiyorefuka" maana yake vitu viwili vilivyofungwa vina mchapuko unaolingana. "Polepole" mara nyingi maana yake chukulia kani zimelingana. Tengeneza orodha yako kwa Kiswahili, uibandike ukutani. Mimi nilikuwa nafikiri swali lote kwa Kiswahili pembeni mwa karatasi, kisha ndiyo naandika jibu kwa Kiingereza. Hakuna mtihani unaokukataza kufikiri kwa lugha yako.

Kosa jingine utakalokutana nalo karibuni: zile fomula za mwendo za kidato ni za mchapuko usiobadilika tu. Springi haiko hivyo. Springi ya nyutoni 200 kwa mita ukiibana sentimita 10 inakurudishia nyutoni 20 pale mwisho, lakini mwanzoni ilikuwa sifuri. Ukichukua 20 mara 0.1 unapata jouli 2, na nishati halisi ni 1. Nusu hiyo inatokana na eneo la pembetatu chini ya grafu, na ndiyo sababu kalkulasi inafundishwa muhula huo huo. Usiyasome masomo hayo mawili kama wageni wasiojuana.

Na kwenye mwendo wa duara, tafadhali usichore mshale mpya unaoitwa kani ya katikati. Bodaboda akikata kona tambarare ya mita 30 barabara ya changarawe, anayemvuta kuelekea katikati ni msuguano wa matairi, basi. Kama kigezo cha msuguano (kipimo cha jinsi nyuso mbili zinavyoshikana) ni 0.5, kasi ya juu ni mzizi wa 0.5 mara 9.8 mara 30, mita 12 kwa sekunde, kama kilomita 44 kwa saa. Mvua ikinyesha kigezo kikashuka nusu, inabaki kama 31. Masi, yaani kilo za pikipiki na waliopanda, imejifuta yenyewe kwenye hesabu, kwa hiyo abiria mnene au mwembamba kona ni ile ile.

Namna ya kujizoeza: wiki mbili za kwanza usihesabu kabisa. Chukua maswali kumi kila jioni, chora miili na mishale, andika kando ya kila mshale "nani anamfanyia nani", funga daftari. Mshale ambao huwezi kumtaja mwenyewe, ufute. Na madesa yenye majibu yaweke mbali. Kusoma jibu la mwenzako kunakupa hisia ya kuelewa, na hisia hiyo inaondoka ukiingia chumba cha mtihani. Mimi nilijizoeza hivyo kwa kuchora kabla ya mtihani wa marudio na nilipita, na hadi leo kazini nikiitwa kuangalia mtambo wa kunyanyulia mizigo, kalamu inaanza na mstari wa kuzungushia.

Nimalizie na swali lako lile lile, kwa sababu 9.8 yako ina mahali pake. Chukua kwamba meza si laini, kigezo cha msuguano ni 0.3. Boksi la kilo 4 linaikandamiza meza kwa nyutoni 39.2, kwa hiyo msuguano unaweza kufika hadi 11.76. Mzigo unavuta kwa 9.8 tu. Haliendi boksi wala haushuki mzigo, na sasa mvutano wa kamba ni 9.8 kamili kama ulivyoandika. Ila msuguano ni kiasi gani hapo? Wengi wataandika 11.76. Chora boksi peke yake kwanza, kisha uniandikie jibu hapa.