Upimwe wewe kwanza kabla hujauza ng'ombe

Boss wa Bahati, usimpeleke mkeo kupigwa eksirei ya mirija ya uzazi. Bado. Unasema unalima nyanya na viazi, dawa unapiga mwenyewe, mke hajashika mimba na miaka inaenda, mama yako ameshaamua ni mirija, sasa unataka kuuza ng'ombe mwende Eldoret, na hapo hapo unauliza kama ni vyombo vya plastiki vinaleta shida. Mimi nina swali moja tu. Wewe umepimwa? Maana nimesoma hiyo post yako yote sijaona mahali umeandika.

Sisi tulikuwa Molo, viazi. Mvua ikishika huko ukungu hauna huruma, karibu kila wiki unapiga dawa. Pampu ya bwana yangu ilikuwa inavuja pale kwa kifuniko, akirudi shati imemshika mgongoni na maji ya dawa yameteremka mpaka ndani ya suruali, pale kwa mshipi kumebaki alama ya manjano, na ngozi ya huko chini inanyonya vitu haraka kuliko ya mkono. Gambuti alikuwa nazo. Glavu na ovaroli, hakuna. Na macho yote yalikuwa kwangu! Mimi ndio nilipigwa picha za tumbo, mimi ndio niliwekewa ile dawa ya mirija inauma mpaka unashika kitanda kwa mikono miwili, wakaniambia mirija iko wazi, na badala ya mtu kumgeukia yeye nikapelekwa kwa mama wa miti shamba ati tumbo langu ni baridi. Ng'ombe wa maziwa akaenda hapo. Sawa, ng'ombe unanunua mwingine, lakini mimi naongea juu ya miaka, bana, miaka ya mwanamke hainunuliwi soko yoyote.

Alipokuja kupimwa mbegu, WHO, shirika la afya la dunia, wanahesabu kuanzia milioni 16 kwa mililita kama kiwango cha chini, yeye alikuwa mbali sana chini ya hapo. Kipimo cha kikombe kimoja! Hakifiki hata robo ya pesa tulitumia kunichunguza mimi. Daktari hakusema ni dawa peke yake, ila swali lake la kwanza lilikuwa, unafanya kazi gani?

Sasa huyo wa agroveti aliyetuuzia. Nikimkumbuka damu inachemka. Kila tukiuliza anageuza pakiti, anaonyesha ule mstari wa kijani, "hii ni kijani mama, haina madhara." Skizeni nyote mnaolima: hiyo rangi inapimwa kwa sumu ya kukuangusha sasa hivi, ukiimeza au ikiingia kwa ngozi. Haisemi kitu juu ya mbegu zako ukiipiga msimu baada ya msimu. Mankozebu, hiyo dawa ya ukungu, ni ya kijani, na Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea kibali Desemba 2020, kati ya sababu ni kuvuruga homoni na hatari kwa mtoto aliye tumboni. Angejua hivyo angeuza? Angeuza tu, huyo.

Na msiniambie ni hadithi za wanawake. Kule California 1977, wanaume wa kiwanda kilichotengeneza dawa ya minyoo ya udongo, DBCP, walianza kuulizana wao kwa wao mbona hawapati watoto. Walipopimwa, wengine walikuwa hawana mbegu hata moja. Wengine zilirudi baada ya kuacha hiyo kazi, wengine hazikurudi. Hata mbali na mashamba, watafiti akina Hagai Levine na Shanna Swan walikusanya vipimo vya nchi nyingi, Afrika ikiwemo, wakaona wastani wa mbegu kwa mililita umeshuka kutoka milioni 101 mwaka 1973 hadi milioni 49 mwaka 2018. Sababu bado wanabishania, kemikali ni moja ya zile zinashukiwa.

Kwa hivyo mwanaume kwanza. Kabla ya mirija, kabla ya mganga, kabla ya mama yako kuongea. Kaa siku mbili mpaka saba bila tendo, toa hapo hapo maabara, ama kama ni nyumbani ifike kabla ya saa moja kuisha, uibebe ndani ya shati isipoe. Ikitoka mbaya usilie, rudia, maana mbegu zinachukua kama miezi miwili unusu kutengenezwa, leo unapima ya msimu uliopita. Hiyo miezi vaa glavu na ovaroli, tengeneza hiyo pampu, oga ukitoka shamba kabla hujamshika mtu, na nguo za dawa fua wewe mwenyewe kwa beseni yake. Karatasi ikitoka mpeleke mkeo na nyinyi wawili mwingie kwa daktari pamoja, asiingie peke yake kama mimi.