Samaki wa Kuzoeana Naye: Kumchagua kwa Tangi la Lita 200

Mtu akikwambia samaki wake anamjua, usimcheke. Samaki wengi wa tangini hujifunza ndani ya wiki chache kwamba kivuli fulani kikikaribia, chakula kinafuata. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Queensland waliwafundisha samaki wanaowinda kwa kutema maji (Toxotes chatareus) kuitemea picha ya sura moja ya mtu. Picha hiyo ilipochanganywa na za sura 44 wasizozijua, waliitambua takriban mara 8 katika kila 10. Uwezo upo, basi. Kinachowashinda wageni wa ufugaji huu ni kumpata samaki atakayewazoea ndani ya lita 200 bila kudumaa, bila kuwaua wenzake, na bila kumaliza maisha yake nyuma ya gogo.

Hizo lita 200 zenyewe zinadanganya. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 huuzwa kwa jina la lita 200, lakini ukiondoa unene wa kioo, mchanga wa sentimita 4 chini na nafasi ya sentimita 4 juu, maji yanayobaki ni kama lita 155 hadi 160. Andika namba hiyo mahali utakapoiona, kwa sababu ndiyo utakayopimia dawa siku samaki akiugua. Ukipimia lita 200 umemzidishia dozi kwa robo nzima. Kumbuka pia kwamba tangi hilo likijaa, pamoja na mchanga na kioo, hupita kilo 200, kwa hiyo meza ya kawaida haifai.

Kipimo kinachoamua nani aingie ni upana wa tangi kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, yaani zile sentimita 40. Samaki hugeuka kwa upana. Kanuni inayofanya kazi ni hii: samaki akishakuwa mzima asizidi nusu ya upana huo, yaani sentimita 20. Kwa kipimo hicho oska (Astronotus ocellatus) anatoka nje ya orodha. Inauma, maana ndiye anayesifiwa kuliko wote kwa kumfuata mwenyewe huku na huko. Dukani ana sentimita 5 na macho ya kitoto. Mwaka mmoja baadaye ana sentimita 25 na bado anakua. Ukimweka kwenye lita 200, maji huchafuka upesi kuliko unavyoweza kuyabadilisha, na hapo huanza vidonda vya kichwani. Samaki "hukua kulingana na tangi" ni msemo wa wauzaji. Kinachotokea ni kudumaa na kufa mapema.

Wengi wa samaki wanaozoeana na watu ni sikilidi, ukoo ule ule wa perege na sato. Wanalea watoto, wanalinda eneo, na mnyama anayelinda eneo lazima atazame nani anakuja. Utazamaji huo ndio sisi tunauita uchangamfu.

Kwa anayeanza, akara wa buluu (Andinoacara pulcher) hana mpinzani. Hufika sentimita 15, hustahimili makosa madogo, anakula karibu kila kitu, na baada ya miezi miwili au mitatu huja kwenye kioo kila unapokaa. Aina yake ya kufugwa yenye buluu inayong'aa ni tulivu zaidi. Severumu (Heros efasciatus) ni mkubwa kidogo, kama sentimita 20, ana mwili wa mviringo kama sahani na mwendo wa taratibu. Huishi miaka 10 au zaidi akitunzwa. Tatizo lake ni mimea: atakula yote, hivyo usimnunulie bustani. Yupo pia koo-jekundu (Thorichthys meeki), sentimita 15, anayevimbisha koo na kufungua mafuniko ya matamvua kumtisha yeyote, wewe ukiwemo. Vitisho vyake vingi ni maigizo, ila wawili madume kwenye mita moja ya kioo hawapatani.

Usipotaka samaki mkubwa, zipo njia mbili nzuri. Ya kwanza ni bunju kibeti (Carinotetraodon travancoricus), samaki wa sentimita 3 wa maji yasiyo na chumvi kutoka kusini-magharibi mwa India. Macho yake huzunguka kila moja kivyake, naye hukaa mbele ya kioo akikuchunguza kama anayekukagua. Huyu hali punje za dukani: anataka konokono wadogo na mabuu yaliyogandishwa, na hung'ata mapezi ya wengine, kwa hiyo tangi liwe la bunju peke yao, 6 au zaidi, lenye mimea mingi ya kukatisha macho. Jihadhari na bunju wengine wanaouzwa wakiwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Yule wa kijani mwenye madoa (Dichotomyctere nigroviridis) huhitaji maji yenye chumvi kadiri anavyokua, naye hufika sentimita 15.

Njia ya pili ni Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, mdogo kuliko kidole, anayeishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Hatakula mkononi mwako. Lakini mwekee mchanga laini wa sentimita 5 na maganda matatu kwa kila samaki, uone atakavyohamisha mchanga kwa mdomo, azike maganda ya jirani, agombane mpakani, alee. Maji yake ni magumu, yaani yenye madini mengi, pH (kipimo cha asidi) kati ya 8 na 9. Usimchanganye na akara, ambaye maji yake ya asili ni laini zaidi na ambaye pia atamla.

Ukishamchagua samaki mkuu, chagua wenzake kwa ajili yake. Hapa wageni hukosea kwa wema: wanamwacha akara peke yake ili "awe huru", kisha wanashangaa kwa nini anajificha. Katika maji ya asili samaki hutazama samaki wadogo wa juu. Wakiogelea wazi, hakuna mwindaji. Wakitoweka, naye hutoweka. Kundi la tetra wa Kongo (Phenacogrammus interruptus) 6 hadi 8 hufanya kazi hiyo vizuri, kwani hufika sentimita 8 na hawaingii mdomoni. Tetra neoni wataingia. Huenda isiwe mwezi wa kwanza, lakini asubuhi moja utahesabu 9 badala ya 12, halafu 6, bila kuona maiti. Chini weka koridora 6, kambare wadogo wanaotafuta chakula mchangani. Jozi ya akara, tetra 8 na koridora 6: hapo tangi limejaa. Kwa severumu, awe mmoja na tetra 6.

Mchanga uwe laini, chembe za milimita 0.5 hadi 1, kwa sababu sikilidi hawa huuchota mdomoni, wakala kilichomo na kuutoa kupitia matamvua. Kokoto kali huwachuna. Kwa sentimita 4 za kina utahitaji kama kilo 25, na uuoshe hadi maji yatoke safi. Weka gogo moja kubwa na mapango mawili, kisha funika kioo cha nyuma na cha pembeni kwa karatasi nyeusi. Samaki anayeonekana pande zote nne hana pa kuegemea mgongo. Acha robo tatu ya mbele wazi.

Tangi likae unapokaa wewe, urefu wa macho yako ukiwa kwenye kiti. Koridoni watu hupita kwa ghafla, na samaki hujifunza kukimbia badala ya kuja.

Hita ya wati 200 inatosha, nyuzi 25 au 26. Filta iwe ya lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa kwa maandishi ya kwenye boksi. Sponji zikianza kuziba utapata pungufu ya hapo. Kabla samaki yeyote hajaingia, lea bakteria kwanza, wale wa kwenye filta wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali: tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, iache ishuke, rudia. Siku amonia na nitriti zote zitakaposoma sifuri saa 24 baada ya kutia, tangi liko tayari. Huchukua wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Badilisha maji mengi kupunguza nitrati, ndipo uingize samaki. Sponji ziogeshe kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukiziosha kwa maji ya bomba yenye klorini unaua bakteria uliowangoja mwezi mzima, na wiki hiyo hiyo samaki huanza kuhema juu ya maji.

Waingie kwa zamu. Tetra kwanza, koridora baada ya wiki mbili, samaki mkuu mwisho, akiwa na sentimita 5 au 6. Akitangulia yeye, kila atakayemfuata ni mvamizi.

Dukani, simama dakika 15 kabla ya kuonyesha kidole. Omba walishwe. Mwache anayekaa pembeni mapezi yamebana, aliyebonyea tumbo, anayehema kwa kasi kuliko wenzake, na anayetoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, ambacho mara nyingi ni dalili ya vimelea tumboni au ya kutokula. Mchukue anayekuja kioo cha mbele na kula mara moja. Yule mbabe anayewafukuza wote kona hadi kona huvutia kweli, ila akizoea tangi lako atakuwa mbabe wa huko. Samaki waliopakwa rangi kwa sindano waache hapo hapo. Kila samaki mpya akae wiki 4 kwenye tangi dogo la lita 40 lenye sponji iliyokomaa, yaani iliyokwisha kuota bakteria, maana ugonjwa wa madoa meupe ukishaingia tangi kubwa itakubidi uwatibu wote.

Sasa kuzoeana. Wiki ya kwanza usimfundishe kitu: taa saa 8 kwa siku, chakula kidogo, mwache ajue kona zake. Wiki ya pili lisha saa ile ile, kona ile ile, na ukae pale dakika kumi bila kujongea. Akianza kufika kabla ya chakula, shika punje moja kwa kibano kirefu cha plastiki, ncha ikigusa maji. Wengi huichukua siku ya tatu au ya nne. Kisha vidole: osha mkono kwa maji matupu, pasiwe na sabuni, mafuta wala marashi, chomoa hita na pampu kwenye umeme, zamisha vidole viwili taratibu na nyungunyungu mmoja kati yake. Usimfuate. Akirudi nyuma, toa mkono, jaribu kesho. Kitu kimoja huharibu kazi ya mwezi: kugonga kioo. Wageni wa nyumbani watataka kugonga, waambie mapema.

Tatizo kubwa la samaki aliyezoea ni kwamba ataomba saa zote. Akara aliyekula dakika tano zilizopita atakuchezea mapezi kana kwamba hajaona chakula tangu juzi. Mpe punje 5 hadi 8 za milimita 3, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja kwa wiki asile. Severumu apewe pia mchicha au njegere zilizochemshwa kidogo na kumenywa. Nyama ya ng'ombe na kuku iache, mafuta yake hayamfai samaki. Samaki wadogo wa kulishia huleta vimelea. Badilisha asilimia 30 ya maji kila wiki. Nitrati ikipita miligramu 40 kwa lita hata hivyo, ujue unalisha kupita kiasi au umejaza samaki wengi.

Jozi ya akara ikitaga juu ya jiwe bapa, uhusiano wako nao hubadilika kwa siku moja. Waliokula mkononi sasa watakung'ata, na tetra wote watabanwa kona moja ya juu. Hawajaharibika, wanalinda mayai. Ukiona mapezi ya wengine yakichanika, tenga kwa kioo cha kugawia, au ondoa jiwe lenye mayai. Asiyetaka karaha hii afuge akara mmoja.

Samaki aliyekuwa mchangamfu akianza ghafla kujificha, pima maji kabla ya kufikiria tabia. Amonia au nitriti juu ya sifuri: badilisha nusu ya maji leo, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Maji yakiwa safi, tazama kilichobadilika: tetra waliopungua, taa mpya kali, gogo lililohamishwa, hata pazia jipya linalopepea karibu na kioo.

Ukisafiri siku 7, akara mzima mwenye afya anaweza kukaa bila chakula bila madhara. Safari ikiwa ndefu zaidi na umemwachia mtu kazi ya kulisha, funga chakula cha kila siku kwenye kikaratasi chake, andika tarehe, na kopo lenyewe ulifiche. Samaki anayeomba vizuri hivyo atamshawishi yeyote.