Starta ya Gari Usiifunge Kwenye Boti ya Petroli

Kama mashine yako ni ya petroli na imefungwa ndani ya boti, starta ya gari usiitie hata ukipewa bure. Hapa Malindi utaambiwa, "Ni ile ile tu bwana, hata matundu ya bolti yanalingana." Kweli yanalingana, na mashine itawaka. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; ukivuja hushuka na kutulia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Starta, alteneta na distributa hutoa cheche. Chini ya boneti ya gari upepo unapita. Kwenye ngama iliyofunikwa, cheche moja inatosha kulipua boti. Zile za boti huzibwa, au matundu yake hutiwa wavu mwembamba, moto usitoke nje.

Kwa hiyo dukani mimi huuliza alama kabla ya bei: SAE J1171 au ISO 8846, viwango vya vifaa vya umeme visivyowasha mvuke ulio nje yake. Swichi kuu ya betri na pampu ya ngamani nazo ziwe na alama hiyo zikikaa chumba kimoja na tangi. Hapo hata mwenye mashine ya kufunga nyuma hajanusurika, maana wengi huweka betri na mtungi wa petroli pamoja chini ya sitaha. Mwenye dizeli ana nafuu, ingawa chumvi haimbagui mtu.

Waya ndiyo watu huidharau. Chagua ya shaba iliyopakwa bati. Ukikata ncha, nyuzi zake ni nyeupe. Kwenye boti moja nilichuna waya wa kawaida ambao plastiki yake ilikuwa safi kabisa, ndani shaba imekuwa nyeusi, ikikunjwa inakatika. Maji ya chumvi yaliingilia kwenye kiungo, yakapanda. Fyuzi ikae karibu na betri, na ukubwa wake ufuate unene wa waya. Fundi akikuambia tia kubwa ili isiungue ungue, tafuta fundi mwingine.

Spea za mtumba sizikatai, ila alama pekee isikutulize. Starta ya boti ikishafunguliwa kubadilishwa kaboni (vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme na kulika), mara nyingi mipira ya kuzibia hairudishwi, au hurudishwa ile ile iliyochanika, na alama bado ipo pale nje inang'aa. Uliza iliwahi kufunguliwa na nani. Muuzaji akianza kucheka, mrudishie.