Masafa mafupi au masafa ya chini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwanafunzi wangu kaandika makala kwamba wanasayansi wananasa miale ya kosmiki ya galaksi kwa "redio za masafa mafupi sana". Nikamwekea "masafa ya chini sana", kagoma. Tena kaandika "masafa hizi". Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba mwalimu. Uko sawa wewe, ila dogo naye ana pa kushika. Neno masafa tumelibebesha kazi mbili. Mtangazaji akisema "masafa mafupi, mita 31" anapima urefu wa wimbi, ukisema masafa ya chini unahesabu mawimbi yanayopita kwa sekunde, na hivyo viwili vinaenda kinyume, wimbi likirefuka masafa yanashuka, kwa hiyo "mafupi sana" inampeleka msomaji huko kwenye FM.

Sasa utata uko hapa. Karl Jansky, mhandisi wa redio wa maabara za simu za Bell Labs kule New Jersey, Marekani, aliyetangaza 1933 kwamba kuna mawimbi yanatoka upande wa katikati ya galaksi yetu, alikuwa anasikiliza megahezi 20.5 (mawimbi milioni 20.5 kwa sekunde), yaani wimbi la mita 14 na nusu hivi, na kwa msikilizaji wa redio hayo ni masafa mafupi kabisaaa! Wanaastronomia wanayaita ya chini kwa vile wengi wao wamezoea gigahezi (megahezi elfu moja moja). Hata hiyo "sana" yako, fundi wa redio ataielewa kilohezi 3 hadi 30, yaani mawimbi elfu 3 hadi elfu 30 tu kwa sekunde. Mwambie ataje megahezi, ugomvi uishe.

Kinachonikera zaidi ni "wananasa miale". Hainaswi hapo. Miale ya kosmiki ni chembe, nyingi protoni (jina la miale limeshazoeleka, tuliache), ila zimo elektroni chache ambazo zikizungushwa na usumaku wa galaksi ndo zinatoa mawimbi ya redio, na hayo ndo yananaswa. Na kushuka kwenye masafa ya chini kuna faida yake bana, mawingu ya haidrojeni yaliyochomwa na nyota yanageuka pazia kwenye masafa hayo, ya nyuma hayapiti, kwa hiyo mawimbi unayopata ukielekea wingu yametoka mbele yake tu, na ukijua umbali wa wingu unakadiria elektroni zilizopo kati yetu na lenyewe. Darubini ya redio LOFAR ya Uholanzi inafika chini huko, kuanzia megahezi 10 hivi. Basi aandike "wanachunguza miale ya kosmiki kwa kunasa mawimbi ya elektroni zake".

Alafu "masafa hizi" hapana, ni masafa haya.